Simu Mpya, Laini yenye Jina la Wifi

Songea, Jumatatu, mwezi wa kumi.

Leo jua limetuonea. Tangu asubuhi mtaa wetu wote wa Mshangano unanuka moshi wa mashamba yanayosafishwa kungoja mvua, na vumbi limeingia mpaka kwenye bakuli la sukari. Nimekaa barazani, miguu ndani ya beseni la maji ya dawa, simu mpya mkononi. Saa kumi na moja inakwenda na sijawasha hata moto. Nataka kuandika kwanza, kabla sijaanza kujitetea.

Naandika kwa kidole kimoja. Siku zote nilikuwa naandika kwenye daftari, binti yangu akirudi likizo ananichapia humu. Leo ni mara ya kwanza naandika mwenyewe, kwa hiyo makosa yote ni yangu.

Kwa aliyeingia ukurasa huu leo: mimi ni mchanjaji wa kuku. Kila baada ya miezi mitatu nazunguka vijijini na baiskeli yangu na kiboksi cha barafu, namdondoshea kila kuku tone moja la dawa jichoni ili mdondo usimpate. Mdondo ukiingia kijijini haupigi hodi. Jioni unakuta kuku wamejikunyata, wanasinzia, kinyesi cha kijani, shingo zimepinda. Asubuhi unaokota mizoga kwa karai. Nimeshamwona mama mtu mzima analia kama aliyefiwa, na sikumcheka, maana wale kuku ndio madaftari ya watoto, ndio sabuni, ndio nauli ya kwenda hospitali.

Nikimaliza kuchanja, naandika namba yangu ya simu kwenye mlango wa banda kwa rangi nyekundu ya mafuta. Kuanzia hapa kwetu hadi Peramiho, na upande wa pili hadi vijiji vya Namtumbo, namba yangu ipo kwenye milango ya mabanda, mingine imeandikwa vizuri, mingine imepinda kwa sababu kuku alikuwa ananidonoa mguu. Watu wananiita Mama Kuku, hata kanisani. Kuna wenzangu wanabadilisha namba kama wanavyobadilisha kanga. Mimi nikibadilisha, itabidi nikapake rangi upya nusu ya mkoa.

Sasa shida yangu ilianza na picha.

Wateja siku hizi wana simu kubwa. Wananipigia, wananiambia, Mama Kuku, nikutumie picha ya kinyesi uone? Na mimi nina kitochi, simu ya vibonyezo ambayo picha yake pekee ni ile ya betri inayoisha. Nikawa najibu, nielezee tu kwa mdomo. Lakini kinyesi ukielezewa kwa mdomo, chote ni kimoja. Mwezi uliopita bwana mmoja wa Namtumbo alinielezea, nikamwambia hiyo ni minyoo, wape dawa ya minyoo. Ulikuwa mdondo. Hakunilaumu. Alinipigia kuniambia tu kwamba wameisha, akanishukuru kwa kupokea simu. Ile asante iliniuma kuliko tusi.

Nikaamua kununua simu janja.

Lakini nilikuwa na masharti. La kwanza, iwe ya bei ninayoiweza, isifike laki mbili na nusu. La pili, isiwe imefungwa kwenye mtandao wowote. La tatu, nibaki na laini yangu na kifurushi changu. Hiki kifurushi ni cha zamani, mtandao wangu ulikitoa kwa ajili ya wakulima, kina dakika nyingi za mwezi kwenda mitandao yote. Hakiuzwi tena. Sisi tuliokuwa nacho tumeachiwa, mradi tuendelee kukilipia kwenye laini ileile. Ukikiacha, hakirudi. Nazungumza na wafugaji siku nzima. Bila kifurushi kile ningekuwa nawachanjia watu ili nipate hela ya vocha.

Alhamisi nikaingia mjini. Duka la kwanza lilikuwa la mtandao mmoja, siutaji. Kulikuwa na simu nyembamba, nzuri, bei nusu ya nilivyotarajia, mpaka nikaanza kuitabasamia. Binti wa dukani akaniambia nitapewa laini mpya bure, na kifurushi kipya bure mwezi wa kwanza. Nikamuuliza, na laini yangu nikiiweka? Akasema haitasoma, mama, simu hii imefungwa kwa laini zetu. Akasema kwa sauti ya upole kabisa, kama nesi anayekuambia sindano haiumi. Nikairudisha simu mezani taratibu.

Duka la pili walikuwa na simu za mkopo. Unatanguliza kidogo, unalipa kila siku, na siku ukichelewa simu inajifunga yenyewe mpaka ulipe. Nikajiona niko kijijini ambako hakuna wakala hata mmoja, nimeshika kuku wa mtu, simu imejifunga. Nikasema asante.

Karibu na stendi kuna meza ya simu za mtumba. Kijana wa pale akaninyooshea simu kubwa kama kibao cha kukatia mboga, akaapa kwamba imefunguliwa. Nikauliza imefunguliwa na nani. Akasema na fundi. Fundi gani? Akaangalia pembeni. Nikaondoka.

Nikaishia kwa Bwana Issa. Huyu ni mtu wa Tunduru, kwao wanalima korosho, yeye alihamia hapa kuuza na kutengeneza simu. Alinikaribisha kiti kabla hajaniuliza ninataka nini, na hapo tu alikuwa ameshanivutia. Nilipomweleza masharti yangu hakucheka. Alitoa simu ya kawaida, siyo ya kujivunia, akaweka laini ya mtandao wangu kutoka kwenye simu yake mwenyewe, ikasoma. Akaitoa, akaweka ya mtandao mwingine, ikasoma.

"Hii haijaolewa na mtandao wowote, mama," akasema. "Imetoka kiwandani hivyo hivyo. Wale wa mezani wanafungua kwa ujanja, siku ukisasisha programu inajifunga tena, wallahi utalia."

Nikamwambia nataka kuona picha zake. Tukatoka nje juani, kwa sababu simu inayoonekana vizuri dukani kwenye kivuli hainisaidii kitu, mimi kazi yangu ni uani kwa watu saa sita mchana. Nyuma ya duka alikuwa anapita jogoo wa mtu. Bwana Issa akampiga picha. Nikaikuza, nikaona mpaka wekundu wa ngozi chini ya jicho. Nikauliza chaji inakaa muda gani, akasema ukiacha kuangalia video za ngoma inakaa siku nzima na kidogo. Nikamwambia sina muda wa ngoma. Nikalipa.

Kisha akaomba laini yangu aniwekee. Nikafungua kitochi, nikaitoa. Akaishika kwa ncha za vidole.

"Mama, hii ni ya enzi zipi?"

Ni laini kubwa, ile ya kwanza kabisa, imegeuka rangi ya siagi. Simu mpya inataka laini ndogo kama ukucha. Nikamwambia aikate. Bwana Issa akatikisa kichwa. Akanionyesha kwamba chipu ya laini ile ni kubwa, imefika mpaka kwenye mstari wa kukatia, akiikata ameiua. Akasema niende duka la mtandao wangu, ni hapo ng'ambo tu ya barabara, watanipa laini ndogo, namba ileile, kifurushi kilekile, hakuna kinachobadilika.

"Dakika tano, inshallah. Wanataka kidole tu."

Kidole tu.

Nikashukuru, nikatia simu kwenye mkoba, nikarudi nyumbani kwa njia isiyopita mbele ya lile duka.

Hapa ndipo inabidi niseme ukweli. Kidole cha laini yangu siyo changu. Ilipotoka amri kwamba kila laini isajiliwe kwa alama za vidole, namba yangu ya kitambulisho cha taifa ilikuwa haijatoka. Nilienda ofisini mara nyingi mpaka mlinzi akaanza kuniuliza habari za watoto. Siku za mwisho zikafika, laini zinazimwa. Wifi yangu Truda, dada yake mume wangu, alikuwa na kitambulisho tayari. Akatoka Peramiho kwa ajili yangu, tukaenda kwa wakala aliyekaa chini ya mwavuli pale sokoni, akaweka kidole chake, namba yangu ikaandikwa kwa jina lake. Tulicheka sana siku ile. Tulikunywa na soda.

Najua sheria inataka kila mtu awe na laini kwa jina lake. Kitambulisho changu kilitoka baadaye, ningeweza kuihamisha. Lakini kuihamisha au hata kuibadilisha tu, lazima mwenye jina awepo. Na mimi na Truda hatujasemeshana kwa miaka miwili.

Sijawahi kuandika humu kilichotokea. Nimeandika mambo ya kuku, ya kwaya, ya bei ya mbolea. Hili nimelizunguka.

Mama mkwe aliumwa muda mrefu na alikuwa anakaa kwangu. Truda alikuja akaomba amchukue Peramiho, pale hospitali ipo jirani. Nikakataa. Nilisema kwangu kuna nafasi na hewa nzuri. Ukweli ni kwamba nilitaka isemwe kuwa mkamwana ndiye aliyemuuguza. Asubuhi moja mama alikataa uji. Niliona. Lakini nilikuwa na zamu ya kuchanja Namtumbo, dawa ilikuwa imeshatolewa kwenye friji iko kwenye barafu, na dawa ile haingoji. Nikaenda. Mama alifariki saa sita mchana akiwa na jirani.

Tulipomaliza matanga, tukiwa ndani wanawake wa ukoo peke yetu, Truda akasema kwamba wifi yake anawajua kuku wa Namtumbo kuliko alivyomjua mama mkwe wake. Ilikuwa kweli, ndiyo maana ilinichoma. Nikamjibu mbele ya wote: mbona wewe uliye jirani na hospitali hukuja kumchukua?

Alikuja kumchukua. Mimi ndiye niliyekataa. Na pale chumbani tulikuwa wawili tu tunaojua.

Alinitazama. Hakunibishia. Akachukua kanga yake, akatoka. Wale wanawake wakaguna, wakanishika bega mimi, wakanipa pole mimi. Nami nikaipokea.

Mume wangu alikuwa nje na wanaume, hakusikia. Baadaye akaambiwa kwamba tumekosana kwa maneno, akaapa hataingia katikati ya dada yake na mke wake. Ameshika kiapo chake vizuri mno.

Basi, tuendelee na laini.

Ijumaa nzima niliizunguka ile simu mpya kama paka na samaki wa moto. Jumamosi, saa kumi jioni, nikaamua kwamba Bwana Issa ni mwoga. Nikachukua mkasi wangu wa kukatia mabawa ya kuku, nikaunoa, nikaweka laini ya mume wangu ndogo juu ya yangu kubwa nipate kipimo, nikachora kwa kalamu. Nikakata. Nilikuwa nimebana pumzi kama ninayemtoa mtoto mwiba.

Nikaingiza kwenye simu mpya. Ikaandika hakuna laini. Nikatoa, nikapuliza, nikaisugua kwenye gauni, nikarudisha. Hakuna laini. Nikaibandika kwa gundi ya karatasi kwenye kipande chake cha zamani, nikairudisha kwenye kitochi. Kitochi nacho kikakataa.

Nimeua namba yangu kwa mkono wangu mwenyewe, ili tu nisimwombe mtu kidole.

Jumapili baada ya misa watu watatu walinisimamisha. Mama Kuku, mbona hupatikani? Mama Kuku, umesafiri? Wa tatu akaniambia mdondo umeingia upande wa Peramiho na watu wananitafuta. Nikasema laini ina hitilafu. Nikarudi nyumbani nikiwaza wateja wangu, milango yote ile yenye rangi nyekundu, watu wanasimama mbele yake wanabonyeza namba, wanaambiwa haipatikani. Nikawaza kifurushi changu, kwamba mwisho wa wiki hii ndiyo siku ya kukilipia. Sikumwaza Truda. Naandika hili kwa sababu nimejiahidi kuandika ukweli.

Leo asubuhi nikapanda gari la Peramiho.

Nilipofika kwake nilisikia harufu kabla sijapiga hodi. Manyoya yaliyoungua. Mtu wa kazi yangu haulizi harufu ile ni ya nini. Uani kulikuwa na shimo limefukiwa upya. Banda lilikuwa wazi, tupu, na kwenye mlango namba yangu kwa mwandiko wangu, wa kabla hatujakosana; tangu hapo sijakanyaga kumchanjia. Chini ya tenga walikuwepo kuku wanne. Truda ni mjane, watoto wameoa na kuolewa, yeye na kuku wake thelathini na kitu ndio walikuwa wanaendesha ile nyumba.

Sijui nisemeje nilichohisi. Nilitaka kusema huruma, lakini ya kwanza ilikuwa hasira. Nikasema moyoni, ona huyu. Namba yangu ipo mlangoni kwake, amewaacha kuku wafe wote kuliko kunipigia mimi.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa. Nikaanza kueleza, naongea haraka haraka kama mtu anayeuza kitu kibovu. Simu mpya, laini kubwa, Bwana Issa, mkasi. Alikuwa anachambua mboga, haniangalii. Kisha akasimamisha mkono.

"Umeikata lini?"

"Jumamosi."

"Saa ngapi?"

Nikashangaa kwa nini anataka saa. Nikamwambia saa kumi jioni, labda na dakika chache. Akaweka ungo chini, akaingia ndani, akafunga mlango. Nikajua ndiyo basi, niondoke zangu. Nilikuwa nimeshasimama alipotoka amevaa kitenge chake cha kutokea na mkoba kwapani.

"Twende. Wanafunga mapema wale."

Njiani niliangalia dirishani mpaka shingo ikauma.

Dukani, kidole chake hakikusoma mara ya kwanza, wala ya pili. Vidole vya jembe. Akakifuta kwenye kitenge, akakibonyeza tena kwa nguvu kama anayeua chawa, kikasoma. Binti wa dukani akauliza kama tunataka kuhamisha na umiliki kabisa, maana wote tupo. Kisha akasoma kwenye kompyuta yake, akatuambia tukihamisha leo, kile kifurushi cha zamani kinafutika, nitaanza kama mteja mpya. Nikamwangalia Truda. Sikuwa na haki hata ya kumwomba lolote zaidi.

"Acha kwanza," Truda akamwambia yule binti. "Kwani jina langu linamwasha?"

Binti akacheka, akasema tukafikirie, tusikae hivyo siku zote. Akanipa laini ndogo.

Tukatoka, tukakaa kwenye benchi la kibarazani. Nikaiweka laini mwenyewe. Simu ikafikiria, ikafikiria, ikasoma. Nikaangalia kifurushi: kipo, dakika zangu zote zipo. Nikapumua mpaka tumboni.

Halafu zikaanza kuingia. Zile jumbe za mtandao zinazokueleza nani alikupigia ulipokuwa hupatikani. Mlio mmoja juu ya mwingine, mpaka watu wa benchi la pili wakageuka. Namba za Namtumbo, namba nisizozijua, mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji. Na namba moja ambayo simu mpya haikuwa na jina lake, lakini mimi naijua kwa kichwa.

Jumamosi, saa kumi na dakika hamsini.

Jumamosi, saa kumi na moja na robo. Saa kumi na moja na nusu. Saa kumi na mbili. Nikaendelea kushusha. Zilikuwa saba, ya mwisho saa mbili kasorobo usiku.

"Ulinipigia," nikasema.

"Walikuwa wanasinzia." Alikuwa anaangalia barabarani. "Nikasema ngoja nimwambie Mama Kuku. Nikaambiwa hupatikani. Nikajua umeona namba yangu ukazima."

"Sikuzima, wifi."

"Nimeshakusikia. Mkasi."

Nimekuwa nikifanya hesabu tangu hapo, kama mtu anayejikuna kidonda. Kuku akishaanza kusinzia, chanjo haimsaidii tena, hilo nalijua. Lakini ningemwambia atenge wazima upesi, abadilishe maji, asimwingize mtu uani. Labda wangepona kumi. Labda asingepona hata mmoja. Sitajua kamwe, na huko kutojua ndiko nilikojipatia kwa mkasi wangu.

Pale kwenye benchi nikamwambia lile la mama. Sikulipanga. Nilisema kwamba nilidanganya mbele ya wanawake wa ukoo, kwamba yeye alikuja kumchukua mama na mimi nikakataa, na siku ile nilipoona uji umebaki nilijua, nikaenda hata hivyo. Nililia, naona aibu kuandika, nililia barazani kwa watu na simu mpya mkononi inaendelea kulia na yenyewe.

Truda akaniacha nilie. Hakunishika bega.

"Mimi unaniambia nini?" akasema mwishowe. "Mimi si nilikuwepo? Nilijua unadanganya kabla hujafunga mdomo. Waambie wao."

Kisha akainuka akapunga mkono, maana gari la Peramiho lilikuwa linataka kuondoka. Akapanda. Akatoa kichwa dirishani. "Na hao wanne waliobaki uje uwaone. Uje na dawa ya kuoshea banda."

Ndivyo ilivyokuwa. Hata miguu hii nimeiweka kwenye dawa kwa sababu nimetoka uani kwake, na wiki hii sitagusa banda la mtu mwingine kabla sijachemsha nguo na kusugua viatu. Wateja nawajibu kwa simu. Mchana wa leo nimeshapokea picha sita za kinyesi, zote nimeziona vizuri.

Mwezi ujao, siku ya kuwaombea marehemu, ukoo wote unakwenda kusafisha makaburi. Wanawake walewale watakuwepo. Nitasema. Nimeshamwambia mume wangu sasa hivi, kabla ya kuanza kuandika, naye amekaa kule kwenye kiti chake, anakatakata kijiti vipande vidogo vidogo. Hajasema kitu bado. Anayo haki ya kuchelewa.

Simu ninayo, haijafungwa popote. Namba yangu ileile, kifurushi changu kilekile. Nilichokitafuta Alhamisi nimekipata chote.

Nimezifuta jumbe zote isipokuwa zile saba. Nazirudia. Huyu ni mtu niliyemsingizia mbele ya ukoo wake, nikamwacha aondoke peke yake na kanga yake, na kuku wake walipoanza kuinamisha shingo alinipigia mara saba, akiamini kila mara kwamba ninaiona namba yake na ninamkataa, na bado anapiga tena.

Najiuliza, ingekuwa mimi ningempigia yeye mara ngapi?

Mara moja. Na ningehakikisha watu wote wanajua kwamba nilipiga.